Maswali ya Wasomaji: Anayeacha Dini, Huacha Nini Pamoja Nayo?

Barua zilizotufikia msimu huu kutoka Lamu na Malindi zinafanana. Mtu haamini tena, au mume haamini tena, au mzazi anataka kulea bila dini, na kila mmoja anaogopa kuuliza barazani. Sensa ya mwaka 2019 iliwaandika Wakenya 755,750 kuwa hawana dini, kama asilimia 1.6 ya watu wote. Ni wachache, ila kila mmoja wao ana mama, ana mtaa, na siku moja atahitaji wa kumzika. Majibu yametolewa na wenzetu wa sheria, wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na wa ushauri wa familia. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Swali: Mimi ni seremala, nina miaka 27, nakaa Langoni, Lamu. Ni mwaka wa pili sasa siamini. Ijumaa naenda msikitini kwa sababu ya baba. Sitaki kugombana na mtu. Nataka kujua tu, nikiacha kabisa nitapoteza nini hasa? Na kuna nitakachopata?

Ndugu yetu, umeuliza kwa uungwana. Tuanze na hasara, maana faida za jambo hili huonekana mapema na hasara hufika baadaye.

Ya kwanza ni watu. Lamu miadi hufungwa kwa swala: tuonane baada ya laasiri, nipitie kabla ya magharibi, njoo baada ya isha. Atokaye msikitini laasiri huwakuta wenzake wanavaa viatu, wakapeana mikono, mmoja akauliza mbona fulani haonekani tangu juzi, na ikisemwa ni mgonjwa, wawili watatu wanapitia kwake hapohapo. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, swala ya Ijumaa hutaka wanaume 40 wakazi wa mji. Mjini hesabu hiyo haimgusi mtu. Katika kijiji kidogo cha kisiwani, wakikosekana watatu inajulikana. Ukitoka humo huenda asikufukuze mtu. Utaacha tu kuulizwa, na siku utakayolala na homa utaona tofauti.

Hili limepimwa. Mwaka 2010 Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha utafiti juu ya Wamarekani. Waliohudhuria ibada kila wiki waliridhika zaidi na maisha, lakini chanzo kilikuwa marafiki waliowapata katika kundi hilo la ibada. Aliyehudhuria bila kuwa na rafiki pale hakupata nafuu hiyo. Mwaka 2016 kikundi cha Tyler VanderWeele wa Harvard kilitoa matokeo ya wauguzi wanawake 74,534 waliofuatiliwa miaka 16: waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa. Wale walikuwa wauguzi wa Marekani, na wengi wao Wakristo, kwa hiyo usiichukue hesabu hiyo ukaibandika Langoni kama ilivyo. Lakini maana yake hapa kwetu haiwi ndogo. Ed Diener, Louis Tay na David Myers, mwaka 2011, waliona kwamba dini huenda na furaha zaidi katika nchi ambazo maisha ni magumu. Kwenye nchi zenye raha na huduma nzuri, wenye dini na wasio nayo hulingana. Mtu wa Denmark akiacha kanisa, hospitali na pensheni yake viko palepale. Wewe ukiacha msikiti, kwa sehemu kubwa unaacha bima yako.

Hasara ya pili ni urithi, na hapa vijana wengi hukwama bila kujua. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema mali ya aliyekufa akiwa Muislamu haigawanywi kwa sheria hiyo, bali kwa sheria ya Kiislamu. Na katika fiqhi, asiyekuwa Muislamu hamrithi Muislamu. Ukitangaza kuwa umetoka, ndugu zako wanaweza kukutoa katika mirathi ya baba yako. Mzazi akiwa hai anaweza kukupa hiba, yaani zawadi, na hiba hutimia kwa kukabidhiwa. Nyumba iliyoahidiwa kwa mdomo, ikabaki kwa jina la baba na ufunguo mkononi mwake, ni mali ya mirathi siku akifa.

Ya tatu ni ndogo kuitaja lakini huuma: utoaji. Zaka ina kiwango, ina siku na ina mlengwa. Akiba ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na kutimiza mwaka wa Kiislamu, hutolewa asilimia 2.5. Zakatul fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, kabla ya swala ya Idi. Anayeacha dini kwa kawaida hasemi, "Sasa sitoi." Husema atatoa kwa hiari yake, na kwa kuwa hakuna siku wala kiasi, mwaka unapita. Kama unaacha, basi panga leo: kiasi gani, tarehe gani, nyumba ya nani.

Na faida? Zipo, na hatutazipunguza. Unaacha kuishi na nyuso mbili. Kenneth Pargament na wenzake, mwaka 2001, walieleza habari za wagonjwa 596 wa hospitali wenye miaka 55 na zaidi, waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Waliokuwa wakigombana na Mungu ndani yao, wakihisi kuwa amewatupa au ugonjwa ni kazi ya shetani, walikufa zaidi kuliko wenzao. Mtu anayesujudu kila siku huku moyo unapiga kelele hafaidi swala wala hafaidi uhuru. Unapata pia haki ya kuuliza na kusoma pasipo hofu, na kutenda jema kwa kuwa ni jema. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinakulinda, na hakuna awezaye kukulazimisha kufanya ibada usiyoiamini. Akikutishia mtu, ripoti polisi na uondoke na nambari ya OB, kitabu chao cha kuandikia matukio.

Ushauri wetu ni huu. Usitangaze barazani wala kwenye simu, maana neno la mtandaoni halirudi. Mwambie mtu mmoja mwenye kifua, kisha ukae miezi kadhaa kabla ya kumwambia wa pili. Endelea kwenda kuhani wafiwa, kutazama wagonjwa na kubeba jeneza. Mambo hayo hayahitaji uiseme imani usiyo nayo, na ndiyo yanayokuweka ndani ya mtaa. Kama huna bima ya afya, jisajili SHA, ile ya serikali: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mchango haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Ingia chama chenye siku maalumu ya kukutana ana kwa ana. Chama cha kutumiana pesa kwa simu hakitagonga mlango wako ukiwa na homa.

Swali: Mume wangu ameacha kuswali kabisa na husema maneno mazito kuhusu dini. Jirani ameniambia nikaha yetu imevunjika na kila usiku nazini. Silali. Nifanye nini? (Mama wa watoto watatu, Shela)

Mama, kwanza mwombe jirani yako anyamaze. Kumtoa mtu katika Uislamu ni jambo zito mno kuamuliwa kibarazani.

Fiqhi ya Shafi hutenganisha mambo mawili. Anayeacha swala kwa uvivu huku akikubali kuwa ni faradhi ana dhambi kubwa, lakini ni Muislamu na nikaha yake ipo. Anayekana kuwa swala ni faradhi, au kuikana dini yenyewe, ndiye anayehesabiwa kuwa ametoka. Hata huyo, kama mmekwisha kuingiliana, nikaha haikatwi papo hapo. Mnatengana kitanda na kusubiri muda wa eda: tohara tatu kwa anayepata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, na mja mzito mpaka ajifungue. Akirejea ndani ya muda huo, mnaendelea na nikaha ileile bila kufunga nyingine. Muda ukiisha hajarejea, ndoa huhesabiwa imevunjika tangu siku aliyotoka, na mahari yako yote ni haki yako, pamoja na sehemu iliyobaki kama ilibaki.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mumeo ni moja, nalo uliulize mchana, watoto wakiwa madrasa, bila hasira: amechoka, au hasadiki? Wanaume wengi wanaosema maneno mazito wamechoka, wana deni, au wamevunjwa moyo na mtu wa dini. Jibu lake likiwa zito, nenda kwa kadhi, uandike tarehe na maneno aliyosema.

Kuna jambo moja la kisheria la kujua kabla hujafika. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa kadhi mamlaka pale tu pande zote zinaposema ni Waislamu na kukubali kusikilizwa naye. Mumeo akisimama kortini akasema yeye si Muislamu, shauri linaweza kulazimika kuhamia mahakama ya kawaida, na matunzo ya watoto yasisubiri hilo. Baba ni baba, aswali asiswali.

Swali: Tangu yale ya Shakahola sitaki mtoto wangu akanyage kanisani. Wenzangu wananiambia mtoto asiye na dini huwa katili. Nani mkweli? (Mama, Malindi)

Mama, jeraha la Shakahola liko karibu nasi kuliko watu wa mbali wanavyodhani. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, watoto wakiwemo, na wengi walikufa kwa njaa kwa jina la kufunga. Hofu yako ina haki.

Lakini tazama kilichoharibika pale. Kujinyima pamoja huwafunga watu, na hiyo ni nguvu halisi. Richard Sosis na Eric Bressler, mwaka 2003, walichunguza jumuiya 83 za Marekani za karne ya 19. Za kidini zilizowadai watu wao masharti mazito zaidi ndizo zilizodumu zaidi. Kwenye zisizo za kidini, uzito wa masharti haukuongeza umri. Nguvu hiyohiyo ikiwa mikononi mwa mtu mmoja asiyeulizwa, inaua. Ndiyo maana dini zilizozeeka zimeweka milango ya kutokea. Funga ya Ramadhani huisha magharibi, na mgonjwa, msafiri na mja mzito wana ruhusa ya kula. Ukisikia kundi linakataza hospitali na shule, linawaambia watu wauze mashamba, linawatenga na ndugu, linawahamishia porini, na kiongozi haulizwi, usingoje dalili ya sita. Nenda kwa chifu siku hiyohiyo.

Kuhusu ukatili wa watoto, wenzako hawana ushahidi, na upande wa pili pia ulijikwaa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,170 wa nchi sita. Walipewa stika na kuangaliwa watagawia wenzao ngapi, na ikadaiwa kuwa wa nyumba zisizo na dini ni wakarimu zaidi. Habari ikazunguka dunia. Baadaye ikaonekana kosa: namba za kutambulisha nchi, hii 1, hii 2, hii 3, ziliingizwa kwenye hesabu kana kwamba ni vipimo. Ziliporekebishwa, dai kuu likaanguka, na mwaka 2019 makala yenyewe iliondolewa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha utafiti huo, upande wowote alioko, mwambie umefutwa.

Mtoto asiyekwenda kanisani wala madrasa hupungukiwa na vitu vinavyoonekana: watu wazima wasio jamaa zake wanaomjua kwa jina, siku moja ya wiki isiyobadilika, kusimama mbele ya watu na kusoma au kuimba, na kukariri maneno marefu. Vyote vina mbadala, lakini havijipi. Chagua watu wazima wawili waaminifu nje ya ukoo, wakutane naye mara kwa mara mbele ya macho yako. Weka nusu siku ya wiki ya kwenda pamoja kumsaidia mtu mmoja maalumu, mzee asiye na mtu kwa mfano, na msiikose hata kuwe na mvua. Mpe tenzi akariri. Pwani hii haina upungufu wa tenzi. Na umfundishe dini za majirani zake vizuri. Mtoto wa Malindi asiyejua Pasaka ni nini wala kwa nini mwenzake hali mchana wa Ramadhani atakuwa mgeni kwao, na asiyejua maandiko ndiye rahisi kudanganywa na mhubiri wa uongo akiwa na miaka ishirini.

Swali: Mimi nililelewa Mkristo, mchumba wangu Muislamu, sote wawili hatufuati. Tunaweza kuoana Malindi bila mchungaji wala shehe?

Mnaweza. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya Kiislamu, ya Kihindu, ya kimila na ya kiserikali. Yenu ni hii ya mwisho. Kila mmoja awe ametimiza miaka 18. Mnatoa taarifa kwa msajili wa ndoa siku zisizopungua 21 kabla ya siku yenyewe, na msipitishe miezi mitatu. Mnakwenda na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, picha ndogo na mashahidi wawili. Mmoja akiwa raia wa nje, aje na hati ya kwao kuwa hajaoa au hajaolewa. Hiyo ndiyo huwachelewesha wengi wa Malindi. Ndoa hii ni ya mke mmoja. Kama mchumba Muislamu ni mwanamke, kadhi hatawafungisha kwa kuwa mwanamume si Muislamu, na familia yake inaweza isiitambue. Waambieni wazazi wa pande zote kabla taarifa haijabandikwa, wasije wakaisoma ukutani.

Swali: Nimestaafu, nina miaka 71, nililelewa Muislamu, sasa sina dini na sitaki kusomewa. Nani atanizika? (Mzee, Malindi)

Mzee wetu, shikamoo. Swali lako ndilo zito kuliko yote tuliyopokea.

Jua kwanza unachokiacha. Muislamu akifa alfajiri, mara nyingi laasiri amekwisha zikwa, na jamaa zake hawakupanga hata kimoja. Kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kutoshelezana: wakifanya wachache, wote wameokoka, wakiacha wote, wote wana dhambi. Ndiyo maana watu huja wenyewe. Maiti hulazwa ubaoni, shuka imemfunika kitovu mpaka magoti, na mwoshaji hupitisha mkono chini ya shuka akiwa na kitambaa, asimwone. Maji ya kwanza yana majani ya mkunazi, ya mwisho yana karafuu maiti. Sanda ni vipande vitatu kwa mwanamume, vitano kwa mwanamke. Swala ina takbira nne, bila rukuu wala sijida. Jeneza ni la msikiti na hurudi msikitini. Maiti hushushwa na kulazwa kwenye mwanandani, yaani shimo dogo ndani ya kaburi, na kila aliyehudhuria hutia mchanga konzi tatu. Asiye na dini lazima apange kwa mkono wake yote ambayo hapa hujipanga.

Kwa hiyo andika majina ya watu watatu watakaoongoza mazishi yako, na uwaulize kama wanakubali. Tafuta mapema nafasi katika makaburi ya umma ya kaunti, maana yanayosimamiwa na msikiti yanaweza kukataa. Ukifia hospitali, wao hujaza fomu D1. Ukifia nyumbani, naibu chifu hujaza D2 na kutoa kibali cha kuzika. Bila kibali, watu wako watakwama na maiti ndani.

Wasia uandike ukiwa na akili timamu, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiopewa kitu humo. Shahidi akiwa pia mrithi, wanahitajika wengine wawili wa ziada, la sivyo fungu lake linaanguka. Wasia wa mdomo hufaa tu kama mwenyewe atakufa ndani ya miezi mitatu. Uandike wazi ndani yake kwamba wewe si Muislamu. Korti hutazama hali yako siku ya kufa, na ndugu wakitoa ushahidi kwamba kila Idi ulikuwa safu ya mbele, mali inaweza kugawanywa kwa mafungu ya Kiislamu: mkeo thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kama mna watoto, mwana wa kiume mara mbili ya wa kike, na wasia usivuke theluthi.

Maagizo ya mazishi ni jambo jingine. Korti za Kenya huyasikiliza, lakini hazifungwi nayo. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mwili wake ukakaa zaidi ya miezi mitano mjane na ukoo wakishindana kortini, mpaka Mei 1987 ukoo ukamzika kwao Nyalgunga. Karatasi peke yake haitakutosha. Wakusanye wanao na ndugu zako, uwaambie kwa kinywa chako mbele ya wale watatu, na uwasikilize. Huenda mwanao mmoja akakuomba akusomee Yasin kimya kimya kwa ajili ya moyo wake mwenyewe. Mkubaliane hapo ukiwa hai.

Na usiyatie maagizo hayo ndani ya bahasha ya wasia. Bahasha ile hufunguliwa baada ya matanga, na wewe utakuwa umekwisha lala siku kadhaa. Yaandike kwenye karatasi ya peke yake, nakala moja kwa kila mmoja wa wale watatu na moja kwa yule jirani atakayegongewa mlango wa kwanza.